Maji ya Mlima Meru na Ugwe wa Mgongo

Mwalimu anayehamia katika shule za sekondari zilizo kwenye miteremko ya mashariki na kaskazini ya Mlima Meru, mkoani Arusha, hulitambua jambo moja katika siku zake za kwanza. Wanafunzi wengi waliozaliwa na kukulia huko wana madoa ya kahawia kwenye meno, na baadhi yao meno yamefanya vishimo. Wapo wanaofunika midomo kwa viganja wanapocheka. Mgeni asiyejua hudhani kuwa ni uvivu wa kupiga mswaki. La hasha. Madoa hayo ni kumbukumbu ya maji ambayo mwanafunzi aliyanywa alipokuwa mtoto mdogo, wakati meno yake ya ukubwani yalipokuwa yakijengwa ndani ya ufizi. Tena yanayoonekana kwenye meno ni sehemu tu ya habari yenyewe. Sehemu nyingine imo katika mifupa, na kwa baadhi ya watu hufika hata kwenye neva zinazopita mgongoni.

Kinachosababisha yote hayo ni floridi, yaani florini iliyoyeyuka katika maji. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha ya kumwonya mnywaji. Mto Maji ya Chai umepata jina lake kutokana na rangi ya maji yake, lakini rangi hiyo siyo floridi. Maji meupe kabisa ya chemchemi yaweza kuwa na floridi nyingi kuliko maji ya mto huo.

Asili yake ni mlima wenyewe

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkeno. Mlipuko wake mdogo wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Maelfu ya miaka iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, na mawe, matope na majivu yakatiririka hadi nyanda za chini. Vilima vidogo vidogo vinavyoyazunguka maziwa ya Momella ni mabaki ya mporomoko huo. Mawe na majivu ya aina hii yana sodiamu na florini kwa wingi, na kalsiamu kwa uchache.

Uchache huo wa kalsiamu ndio kiini cha jambo. Kwa kawaida floridi na kalsiamu zikikutana ndani ya maji kwa wingi huungana na kuwa floridi ya kalsiamu, chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, nayo hutuama chini. Maji yanayopenya katika majivu ya Meru hubeba sodiamu na bikaboneti nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Hivyo floridi hukosa mwenzi wa kuituamisha, ikabaki majini na kuongezeka kadiri maji yanavyozidi kusafiri ardhini. Katika maziwa yasiyo na njia ya kutokea, jua huyakausha maji na kuiacha floridi nyuma.

Utafiti wa J. T. Nanyaro na wenzake, uliochapishwa mwaka 1984, ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Katika sehemu walizozipima kaskazini mwa Tanzania, mito ilikuwa na floridi ya miligramu 12 hadi 26 kwa lita, chemchemi miligramu 15 hadi 63, na maziwa ya magadi miligramu 60 hadi 690. Yafaa ieleweke kwamba si kila maji ya Arusha yako hivyo. Chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana sana kwa sababu moja hupita katika majivu na nyingine katika mwamba wa aina nyingine. Ndiyo maana mtu hawezi kukisia ubora wa kisima chake kwa kutazama kisima cha jirani. Ni lazima kipimwe.

Floridi inavyoingia katika jino na mfupa

Sehemu ngumu ya mfupa na ya jino imejengwa kwa fuwele za madini yaitwayo apataiti, ambayo yana kalsiamu, fosfati na haidroksili. Ayoni ya floridi na ayoni ya haidroksili zinakaribiana sana kwa ukubwa, na chaji zao ni sawa. Kwa sababu hiyo floridi huweza kuiondoa haidroksili na kukaa mahali pake bila kuivunja fuwele. Kemia hii ndogo hueleza faida na madhara pamoja. Floridi kidogo huifanya enameli ya jino iwe ngumu zaidi mbele ya asidi, na kwa ajili hiyo hutiwa katika dawa nyingi za meno. Floridi nyingi huharibu ujenzi wa enameli tangu mwanzo, na jino huota likiwa na vinyweleo, ambavyo baadaye hushika rangi ya kahawia.

Jino huweza kuharibiwa hivyo wakati linapojengwa tu, yaani katika miaka minane ya mwanzo ya maisha. Mtu aliyehamia Ngare Nanyuki akiwa na umri wa miaka ishirini hatapata madoa, hata akinywa maji ya huko maisha yake yote. Lakini asijidanganye kwamba amesalimika. Mfupa, tofauti na jino, huvunjwa na kujengwa upya siku zote. Katika mtu mzima mwenye figo nzima, takriban nusu ya floridi iliyoingia mwilini hutoka kwa mkojo, na inayobaki huingia karibu yote mifupani. Mtoto anayekua huhifadhi sehemu kubwa zaidi, na mgonjwa wa figo vilevile. Kwa hiyo meno meupe si ushahidi wa mifupa mizima.

Ugwe unavyobanwa

Ugwe wa mgongo ni kamba laini ya neva ambayo unene wake hukaribia ule wa kidole kidogo cha mkono. Hutoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya mfereji uliofanyizwa na pingili za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili hutokeza mizizi ya neva inayokwenda mikononi, kifuani na miguuni. Pingili zenyewe zimeshikamanishwa kwa kano, ambazo baadhi yake zimeufunika mfereji huo kwa ndani, mbele na nyuma.

Mfupa uliojaa floridi kwa miaka mingi huwa mzito na mnene kuliko kawaida, ingawa haupati nguvu kwa kiasi hicho. Vichomozi vya mfupa huota kwenye kingo za pingili. Kano nazo hupoteza unyumbufu wake, zikaingiwa na madini na kugeuka mfupa. Mgonjwa huanza kwa kusikia maumivu ya mgongo na viungo, kisha huona shida ya kuinama au kuigeuza shingo. Mfereji ukizidi kuwa mwembamba, ugwe hukosa nafasi. Hapo dalili hubadilika na kuwa za neva: ganzi na mchomo katika mikono na miguu, misuli ya miguu kukakamaa, mwendo kuwa mzito, na mwishowe kupooza na kushindwa kuzuia haja. Mizizi ya neva nayo hubanwa pale inapotokeza, na misuli ya mkono ikakonda.

Madhara haya yalielezwa mapema nchini India. Mwaka 1937 H. E. Shortt na wenzake waliandika juu ya wanakijiji wa Jimbo la Madras waliolemazwa na maji ya visima, na wataalamu wa nchi hiyo wamekadiria kwamba takriban mmoja katika kila wagonjwa kumi wenye floridi nyingi mifupani hupata madhara ya neva. Kwa upande wa Tanzania, P. Grech na Michael Latham walichapisha mwaka 1964 taarifa ya ugonjwa huu katika Kanda ya Kaskazini ya Tanganyika ya wakati huo, na mwaka 1967 wakaandika tena juu ya madhara ya floridi iliyozidi. Picha za eksirei huonyesha mifupa iliyozidi weupe na kano zilizogeuka mfupa, hata kwa mtu ambaye bado hajalalamika. Watoto wanaopata floridi nyingi na kalsiamu haba katika chakula wanaweza kupata matege yanayowazuia kutembea vizuri.

Ikumbukwe kwamba hakuna dawa ya kuiondoa floridi mfupani kwa haraka. Upasuaji wa kuupanua mfereji wa uti wa mgongo huwasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini ni kazi ngumu kwa sababu mfupa wenyewe umekuwa mgumu mno, tena ugwe uliobanwa kwa miaka mingi haupati nafuu kamili. Kinga ndiyo tiba.

Adui watatu wa ugwe

Mwanafunzi wa biolojia atanufaika akilinganisha madhara ya floridi na ya sumu nyingine mbili zinazojulikana kuumiza ugwe wa mgongo. Miguu ya mgonjwa hudhoofika katika hali zote tatu, lakini njia ni mbalimbali.

Ya kwanza ni oksidi ya naitrasi, iitwayo pia gesi ya kuchekesha. Joseph Priestley aliigundua mwaka 1772, Humphry Davy akaivuta mwenyewe huko Bristol mwaka 1799, na Horace Wells, mganga wa meno wa Marekani, akaijaribu mwaka 1844 ili kuondoa maumivu ya kung'oa jino. Hospitalini, mikononi mwa wataalamu, bado ni gesi yenye manufaa. Lakini vijana wengi wa Ulaya na kwingineko wamezoea kuivuta kutoka katika mapulizo kwa starehe. Gesi hiyo huioksidisha atomu ya kobalti iliyo katikati ya vitamini B12, na vitamini hiyo ikaacha kufanya kazi. Bila B12 mwili hushindwa kuitunza mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva. Waya uliochubuka haupitishi umeme sawasawa, na ugwe uliopoteza mayelini haupitishi habari sawasawa. Mtu hupata ganzi miguuni na huyumba anapotembea, hasa gizani. R. B. Layzer alieleza madhara hayo mwaka 1978, na baadhi ya wagonjwa wake walikuwa waganga wa meno. Uholanzi na Uingereza ziliipiga marufuku kwa starehe mwaka 2023. Mgonjwa akiacha mapema na kuchomwa sindano za B12, mara nyingi hupata nafuu, ingawa si wote wanaopona kabisa.

Ya pili ni sianidi ya muhogo mchungu. Wakati wa ukame na njaa, watu hufupisha siku za kuloweka na kuanika muhogo, na chakula chao huwa hakina protini ya kutosha kuusaidia mwili kuivunja sumu. Hapo hutokea konzo, ugonjwa unaoikakamaza miguu ghafla na kwa kudumu. Jina hilo latoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, ambako ugonjwa ulielezwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1985 ulilipuka wilayani Tarime, mkoani Mara, na W. P. Howlett wa hospitali ya KCMC mjini Moshi akawachunguza wagonjwa zaidi ya mia moja. Hapa kinachoumia ni seli zenyewe za neva ziongozazo misuli.

Kwa hiyo sianidi huua seli, gesi huchubua ala yake, na floridi huibana njia inamopita. Tofauti nyingine ni ya kijamii. Kijana avutaye gesi kwa starehe aweza kushauriwa aiache. Mtoto wa Ngare Nanyuki hakuchagua maji aliyonyweshwa, wala mama yake hakuwa na mto mwingine.

Vipimo na hesabu

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliweka mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa ajili ya maji ya vijijini. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa sababu miligramu 8 ni salama, bali kwa sababu vijiji vingi vingekosa chanzo chochote halali cha maji. Baadaye kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa namba hizo. Mtu anayekunywa lita mbili za maji kwa siku yenye miligramu 1.5 hupata miligramu 3. Akinywa lita hizo mbili kutoka katika mto wenye miligramu 12, hupata 24. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2002 kwamba mtu apatapo jumla ya miligramu 14 kwa siku, hatari ya kuharibika mifupa huwa dhahiri, na kwamba dalili za hatari huanza kuonekana kiasi kikizidi miligramu 6. Jua kali na kazi za shamba humfanya mtu anywe zaidi ya lita mbili.

Jikoni kuna chanzo kingine. Magadi yatumiwayo kulainisha maharage na makande yana floridi, na aina nyingine huwa na floridi nyingi sana. Uchunguzi wa L. Mabelya na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulihusisha magadi na madoa ya meno hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo. Kuloweka maharage usiku kucha huyalainisha bila magadi. Aidha, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini mvuke huondoka na floridi hubaki, ikazidi kidogo katika maji yaliyosalia.

Mfupa dhidi ya floridi

Kwa kuwa mfupa huipenda floridi kiasi hicho, wataalamu waliona kuwa ni afadhali kuitega kwa mfupa mwingine kabla haijaingia mwilini. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, kilicho chini ya Wizara ya Maji. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo kwa joto la nyuzi za Selsiasi mia kadhaa, ikasagwa kuwa chembe nyeusi, na maji hupitishwa humo. Apataiti ya mfupa wa ng'ombe huichukua floridi kama ambavyo ingefanya apataiti ya mfupa wa mtu. Joto likiwa haba, maji hupata harufu na rangi. Likizidi, chembe huwa nyeupe na hupoteza uwezo wa kunasa. Nchini Kenya, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitumia njia hii tangu mwaka 1998.

Chujio la mifupa lina kasoro moja inayohitaji uangalifu. Chembe zikishajaa, maji hupita na floridi yake yote, nayo huonekana na kuonja kama ya jana. Bila kupima, mwenye chujio hujiona salama huku amerudia hali ya zamani. Njia nyingine, iitwayo Nalgonda kwa jina la wilaya ya India, hutumia shabu na chokaa kuituamisha floridi. Huko Arusha, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela imeendelea kutafuta vichujio bora, na mwaka 2015 mhandisi Askwar Hilonga wa taasisi hiyo alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la mchanga na chembe ndogo mno, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote hutoka mbinguni. Maji ya mvua huwa na floridi kidogo mno. Tuseme nyumba ina paa la bati la mita za mraba 40, mahali penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka. Paa hilo hupokea lita 20,000. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 15,000. Familia inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 10,950 kwa mwaka. Maji yapo. Tatizo ni kuyahifadhi tangu Juni hadi Oktoba, siku 153, ambazo zahitaji tangi la takriban lita 4,600. Maji ya mto yatabaki kwa kufulia na kuogea, maana floridi haiingii mwilini kwa ngozi kwa kiasi cha kudhuru.

Kazi ya shule

Shule za sekondari zaweza kutoa mchango mkubwa. Wanafunzi wa jiografia waweza kuchora ramani ya visima, mito na chemchemi za kata yao. Wale wa kemia waweza kuomba msaada wa maabara ya maji ili sampuli zipimwe, kisha waandike matokeo kwenye ramani hiyo, kwa kiangazi na kwa masika. Wale wa hisabati wakokotoe ukubwa wa tangi linalohitajiwa na shule. Matokeo yakibandikwa katika ofisi ya kijiji, mama mjamzito atajua ni chemchemi ipi ya kutegemea.

Familia ikiwa na uwezo wa kupata ndoo moja tu ya maji salama kwa siku, ndoo hiyo iwekwe kwanza kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka minane, kwa kunywa na kwa kupikia uji wao. Walimu nao wawaeleze wanafunzi wote kwamba madoa ya meno hayaambukizi, hayarithiwi, wala hayatokani na uchafu. Mwanafunzi anayelijua hilo hatakuwa na sababu ya kufunika mdomo, na siku atakapokuwa mzazi atauliza kwanza maji ya nyumbani kwake yana floridi kiasi gani.